Mradi wa Frida Kahlo: taji la maua halimfundishi mtoto

SWALI: Mwalimu, tunaishi Houston. Binti yangu wa darasa la tatu amepangiwa Frida Kahlo, yule mchoraji wa Mexico, kwenye mradi wa Mwezi wa Urithi wa Wahispania, yaani Wamarekani wenye asili ya Hispania na Amerika ya Kilatini. Nimemnunulia taji la maua ya kubandika na picha za kupaka rangi, vyote vimekatwa tayari. Lakini nikimuuliza Frida alikuwa nani, ananijibu, "Yule mama wa maua." Niongeze nini?

JIBU: Dada yangu, hakuna cha kuongeza. Viweke kando hivyo vilivyokatwa tayari, maana ndivyo vilivyompa jibu hilo. Amebandika maua, akakumbuka maua.

Kila ikikaribia Septemba 15, mwezi huo unapoanza, nakutana na imani ile ile: mtoto akishashika mkasi na gundi, basi amejifunza. Si kweli, na inaniudhi sana. Kazi ya mikono hufundisha pale inapomkutanisha mtoto na tatizo alilokuwa nalo mtu anayemsoma.

Tatizo la Frida linajulikana. Septemba 17, 1925, akiwa na miaka 18, basi alilopanda liligongana na tramu huko Mexico City. Uti wa mgongo ulivunjika, nyonga pia. Akiwa hawezi kuinuka, mama yake aliagiza atengenezewe ubao wa kuchorea kitandani, na kioo kikawekwa juu yake. Akachora alichokiona: uso wake.

Basi mlaze binti yako chali. Wewe shika kioo kidogo juu yake, yeye ashike karatasi iliyobanwa kwenye kipande cha boksi. Mpe penseli, kalamu ya wino hugoma ikielekezwa juu. Ajichore kwa dakika 20. Mkono utachoka, karatasi itateleza, atalalamika. Usikimbilie kumwinua. Mwache aulize mwenyewe Frida aliwezaje, ndipo umsimulie ajali na kwa nini alijichora mara nyingi vile.

Wauzaji wa "mradi tayari" hawana habari na hayo. Kofia pana ya Kimeksiko wanambandika kila mtu, hata Ellen Ochoa, mhandisi mzaliwa wa Los Angeles aliyekwenda anga za juu mwaka 1993 na baadaye kuongoza kituo cha anga hapo hapo Houston mnakoishi. Sisi tunaudhika Afrika nzima ikifundishwa kwa kinyago cha karatasi. Tusiwafanyie wenzetu hivyo hivyo.

Dolores Huerta, mtetezi wa vibarua wa mashambani, wakiwemo wachuma zabibu, naye wanammalizia kwenye picha ya zabibu. Vibarua wa mashamba ya California aliowapigania walilimishwa kwa jembe la mpini mfupi, wameinama kutwa, mpaka jembe hilo likapigwa marufuku mwaka 1975. Mpe mtoto fimbo fupi, aende ameinama kutoka jikoni hadi mlangoni na kurudi, dakika 5 bila kunyooka. Kisha mweleze kwamba mwaka 1962 Huerta alishiriki kuanzisha chama cha vibarua hao. Atakuuliza maswali ambayo hakuna picha ya zabibu ingeyaleta.

Kabla hujalipia kifurushi chochote, soma maelekezo yake. Kama yote ni kata, bandika, paka rangi, bila hata hatua moja ambayo mtoto anaweza kushindwa, kiache dukani. Na shule ikidai bango, peleka ule mchoro wa penseli jinsi ulivyo, binti aandike chini yake kwa maneno yake kilichomshinda.