Kumiliki ndege ndogo Marekani: sheria inadai machache kuliko unavyodhani

Wenzetu wengi walioko huku Marekani wanaosomea urubani huniuliza kwanza bei ya ndege na bei ya mafuta, na ni wachache wanaouliza swali ambalo mimi ningeanza nalo: ndege ikishakuwa yako, ni nani anayewajibika ikiwa haifai kuruka? Jibu la sheria ni fupi. Sehemu ya 91 ya kanuni za usafiri wa anga, ambayo ndiyo inayosimamia safari za watu binafsi, inamtwika mmiliki au mwendeshaji jukumu la kwanza la kuitunza ndege, na inamwachia rubani wa safari husika uamuzi wa kama ndege iko katika hali ya kurushwa. Fundi huweka sahihi kwa kazi aliyoifanya yeye tu. Mimi na wenzangu tunaomiliki kwa ubia Cessna 172 ya miaka ya sabini hapa Minnesota tumeielewa kanuni hiyo hatua kwa hatua, hasa tulipoona kwamba mtu anayerusha ndege yake mwenyewe anadaiwa vifaa na ukaguzi mchache sana akilinganishwa na shirika linalobeba abiria kwa nauli, na kwamba pengo linalobaki hujazwa kwa hiari ya mwenye ndege au halijazwi kabisa.

Vifaa vya lazima kwa safari ya mchana katika hali ya hewa nzuri ni vya msingi: kipimo cha mwendo, kipimo cha mwinuko, dira, kipimo cha mizunguko ya injini, vipimo vya presha na joto la oili, geji ya mafuta kwa kila tangi, mikanda ya viti, na redio ya dharura inayojiwasha ndege inapoanguka. Usiku huongezwa taa, chanzo cha umeme cha kutosha na fyuzi za akiba. Mkanda wa bega ni lazima kwa viti vya mbele vya ndege ndogo zilizotengenezwa baada ya 18 Julai 1978, kwa hiyo ndege ya zamani inaweza kuwa na mkanda wa kiunoni peke yake na bado ikawa halali. Ukinunua ndege ya namna hiyo, fedha ya kwanza kabisa itumie kufunga mikanda ya bega, kabla ya kufikiria rangi mpya au skrini za kisasa.

Ukaguzi mkubwa ni wa kila mwaka, na lazima usimamiwe na fundi mwenye idhini maalumu ya ukaguzi. Muda wake huhesabiwa kwa miezi ya kalenda, yaani ukaguzi uliokamilika tarehe 3 Machi utaishia siku ya mwisho ya Machi mwaka unaofuata, na baada ya hapo huruhusiwi kuirusha ndege bila kibali maalumu, hata kama ni kuipeleka tu kwa fundi uwanja wa jirani. Ndege inayobeba watu kwa malipo huongezewa ukaguzi wa kila saa 100, jambo ambalo kwa ndege binafsi si sharti. Altimita, yaani kipimo cha mwinuko, na transponda, kifaa kinachojibu mawimbi ya rada ili ndege itambulike, zina ratiba yao ya miezi 24 kwa wanaozihitaji.

Hapa ndipo wanunuzi wapya huchanganya mambo mawili. Waraka wa kiufundi kutoka kwa mtengenezaji, hata ukiandikwa kwa herufi kubwa kuwa ni wa lazima, kwa kawaida haumfungi mmiliki binafsi. Agizo la usalama linalotolewa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, linamfunga kila mtu. Mfano ninaopenda kuutoa ni wa reli za viti vya Cessna. Kiti cha rubani hukaa juu ya reli mbili zenye matundu, na pini huingia katika tundu ili kiti kisisogee. Miaka ikipita matundu hupanuka na kuwa kama yai, pini hulika, na siku moja, ndege inapoinua pua wakati wa kupaa, kiti hurudi nyuma ghafla na rubani akiwa ameshika usukani, akauvuta pamoja naye na kuizidisha ndege pua juu karibu na ardhi. Ajali za aina hiyo zimeua, na ndiyo sababu agizo namba 2011-10-09 linataka reli, pini na roli za viti vikaguliwe kila saa 100 au kila miezi 12. Lakini sisi hatungoji fundi. Kila anayeketi kushoto hukisukuma kiti chake mbele na nyuma kwa nguvu baada ya kukifunga, huku akisikiliza mlio wa pini ikiingia, na ambaye hajausikia haanzi kuwasha injini.

Kifaa ambacho sheria haikidai na ambacho mimi siwezi kuruka bila hicho ni cha kugundua gesi ya monoksidi ya kaboni. Wasomaji waliokulia Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa gesi hii, kwa kuwa ndiyo inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Katika ndege ndogo ya pistoni hita haina moto wake yenyewe. Hewa ya nje hupitishwa kuzunguka eksozi yenye joto, ndani ya gamba la bati, kisha huelekezwa chumbani kwa rubani. Eksozi ikipata ufa, moshi wake huchanganyika na hewa hiyo ya joto, na gesi haina harufu ya kukuonya. Wakati wa ukaguzi mmoja wa mwaka fundi wetu alinivua glavu ili nipitishe kidole mahali alipokuwa anamulika kwa tochi baada ya kulifungua lile gamba: palikuwa na mstari mwembamba kuliko unywele, na kando yake doa la kijivu-jeupe la moshi uliokuwa ukipenya. Nisingeuona kwa macho yangu mwenyewe. Huku Minnesota, ambako hita huwashwa miezi mingi ya mwaka, doa la namna hiyo si jambo dogo.

Wapenzi wa kandanda watakumbuka kifo cha mchezaji Emiliano Sala tarehe 21 Januari 2019, alipokuwa akisafiri usiku kutoka Nantes kwenda Cardiff katika Piper Malibu iliyokuwa imesajiliwa Marekani. Mwili wake ulipopimwa, asilimia 58 ya himoglobini katika damu yake ilikuwa imeshikwa na monoksidi ya kaboni, na wachunguzi wa Uingereza walieleza kuwa huenda rubani naye aliathirika, na kwamba ndani ya ndege hapakuwa na kifaa cha kupiga kengele kuhusu gesi hiyo. Kuna kadi za bei nafuu zinazobandikwa kwenye dashibodi na kubadilika rangi, ila sizipendekezi: huchoka baada ya miezi kadhaa tangu zifunguliwe, na rubani ambaye tayari amelewa gesi hatazitazama. Nunua kifaa cha betri chenye kengele na namba, kisha kikilia zima hita, fungua madirisha na matundu ya hewa safi, na utue kwenye uwanja ulio karibu.

Jaketi za kuelea nazo ni hiari yako. Kanuni huzidai pale ndege ndogo inaporuka kwa malipo juu ya maji, mbali na ufuo kuliko inavyoweza kuteleza angani injini ikizimika. Ukiwa unawapeleka ndugu zako bure juu ya Ziwa Superior, hakuna anayekulazimisha. Maji ya ziwa lile ni baridi mno, na sisi huzivaa kabla ya kuondoka, kwa maana jaketi iliyo nyuma ya kiti haitavaliwa na mtu anayehangaika kufungua mlango. Kizima-moto pia si sharti kwa ndege kama yetu, lakini tunacho kimoja kinachofikika kutoka kiti cha rubani. Alaska ni tofauti kidogo: sheria ya jimbo lenyewe inadai vifaa vya kujiokoa.

Kuhusu injini, Lycoming nyingi za aina iliyomo kwenye Cessna 172 hupendekezewa kufunguliwa na kufanyiwa matengenezo kamili kila saa 2,000 au miaka 12, lakini kwa ndege binafsi pendekezo hilo si amri. Nimeona injini za saa nyingi zinazofanya kazi vizuri kwa sababu zinarushwa kila wiki, na nimeona za saa chache zilizooza kwa kutu kwa sababu ndege iliegeshwa. Kwa hiyo nisomapo tangazo la mauzo, naangalia kwanza ndege imeruka saa ngapi katika miaka miwili iliyopita. Oili tunabadilisha kila saa 50 au miezi minne, na chujio tunalikata na kulifungua kutafuta chembe za chuma. Kazi hiyo, pamoja na plagi, matairi na betri, rubani mwenye leseni anaruhusiwa kuifanya mwenyewe kwenye ndege anayoimiliki, mradi aandike kwenye daftari alichokifanya, tarehe, namba ya leseni yake na sahihi. Wengi hufanya kazi na kusahau kuandika, na ndege isiyo na kumbukumbu kamili hushuka bei hata ikiwa nzima.

Mwisho ni redio ya dharura, ambayo sheria inaidai na bado inaacha mwanya. Hukaguliwa kila miezi 12, na betri yake hubadilishwa ikitumika zaidi ya saa 1 kwa jumla au nusu ya uhai wake ikipita. Setilaiti ziliacha kusikiliza masafa ya megahezi 121.5 tarehe 1 Februari 2009, ila redio za zamani za masafa hayo bado zinahesabika kuwa halali katika ndege nyingi za Marekani. Mwaka 2007 Steve Fossett, rubani mashuhuri kwa kuvunja rekodi, alipopotea akitokea Nevada, ishara ya redio yake haikupokelewa, na mabaki ya ndege yalipatikana mwaka uliofuata tu. Sisi tulihamia ya megahezi 406, inayotuma namba ya utambulisho wa ndege. Namba hiyo lazima isajiliwe kwa jina la mmiliki, pamoja na simu za watu wa kupigiwa. Usajili ni bure na huthibitishwa upya kila baada ya miaka 2. Ukinunua ndege iliyotumika, sajili upya siku hiyo hiyo, vinginevyo waokoaji watampigia simu aliyekuuzia.