Usiifuate Ambulensi: Niliyoyaona Nikiwa Ndani Yake

Juzi msomaji mmoja, dereva wa tuktuk pale Kondele, Kisumu, aliniandikia akiwa na uchungu. Ambulensi ilimjia nyuma kwenye foleni ikilia. Mbele yake palikuwa na lori, kulia matatu, kushoto mkokoteni uliojaa mitungi ya maji. Watu wakaanza kumtukana kwamba hana utu. "Kaka," akaniuliza, "ningepaa?"

Ujumbe huo niliusoma mara tatu. Kaka yangu, nitakujibu, lakini kwanza nivumilie. Kuna jambo sijawahi kuliandika hapa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisambaza mkate Nakuru. Nilitoka alfajiri, na nikichelewa kumaliza maduka ya Free Area foleni ilinikuta Section 58 nikirudi mjini. Hapo nikajifunza ujanja. Ambulensi ikipita, na magari yakiipisha, nilikuwa nachomoka na kujibandika nyuma yake, nimewasha taa zote za tahadhari kana kwamba mgonjwa ni wangu. Nilifika mjini kabla ya wenzangu wote. Tajiri alinisifu mbele yao, nami nikazipokea sifa zile kwa kifua mbele.

Kisha ikaja 2019. Baba alianguka nyumbani kwetu Mbale, Maragoli, saa moja asubuhi. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja, na mkono wa kulia haukuweza kushika kikombe. Alipopimwa pale karibu wakasema ni kiharusi, apelekwe Kisumu kwenye mashine ya skani. Muuguzi alinieleza bila kupamba: kama ni damu iliyoganda, ipo dawa ya kuiyeyusha, ila inafaa kutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Na haiwezi kutolewa kabla ya skani, maana kama ni mshipa uliopasuka, dawa hiyohiyo itamuua. Nikahesabu kwa vidole. Mwisho ni saa tano na nusu.

Tuliondoka saa nne. Mbale hadi Kisumu si mbali, hazifiki kilomita 30, lakini ukiwa umekaa nyuma ya ambulensi kila tuta unalisikia kwenye meno. Muuguzi alikuwa amekaza magoti kwenye machela ili asiruke, mkono mmoja juu ya kifua cha Baba. Mimi nilipewa chupa ya dripu niishike, kwa kuwa ndoano yake ilikuwa imevunjika. Dereva alikuwa akibadilisha mlio wa king'ora kila alipokaribia watu, na kila alipobadilisha nilimsikia akinong'ona, "Kushoto, kushoto, enda kushoto."

Baada ya Majengo nikatazama kioo cha nyuma. Kulikuwa na gari dogo jeupe limetushika mkia, taa za tahadhari zinamulika. Nililijua mara moja. Sikumjua mwenyewe, nilijua anachofanya.

Kiboswa ilikuwa imechangamka, matatu zinapakia katikati ya lami, boda boda kila upande. Pikipiki moja ikakatiza mbele yetu. Dereva wetu akafunga breki, na lile gari likatuingia nyuma. Chupa ilinitoka mkononi. Baba aliteleza na machela hadi mlangoni. Watu wakazunguka: wengine wanataka askari aitwe, wengine wanapiga picha, na yule bwana ameshuka anatazama bampa yake. Anatazama bampa!

Hapo tulipoteza dakika 25. Tulipofika hospitali mlango wa nyuma ukagoma kufunguka. Walijaribu kwa mikono, wakajaribu kwa spana ya magurudumu, mwishowe tukamtoa Baba kwa mlango wa pembeni tukiwa tumemfunga kwenye shuka kama mzigo wa kabichi. Dakika 10 nyingine. Skani ilipotoka ilikuwa damu iliyoganda. Na saa ilikuwa tano na dakika 50.

Sisemi dawa ingemrudishia mkono. Daktari mwenyewe hakuniahidi hivyo. Nasema haikujaribiwa. Baba yu hai, anatembea kwa mkongojo, na mkono wa kulia umelala pajani tangu siku hiyo. Yule mtu sijamsamehe. Nimejaribu, na kila nikijaribu namwona kijana wa mkate wa Section 58.

Ndiyo maana sitaki kusikia tena ile hadithi kwamba ambulensi nyingi hazina mgonjwa, kwamba madereva wanapiga king'ora wakwepe foleni. Naisikia kwenye kila steji. Jamani, ambulensi inayokwenda kumchukua mgonjwa itakuwa na mgonjwa gani ndani? Iliyokuja kumchukua Baba ilikuja tupu. Wewe uliye barabarani huna njia ya kujua, na si kazi yako kujua. Kazi yako ni kupisha.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, imeyaondolea magari ya ambulensi, zima moto na polisi kikomo cha mwendo pale kikomo hicho kingeizuia kazi yao. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Tunadhani maneno hayo ni ya madaktari peke yao. Lakini matibabu ya Baba yalianzia Mbale, yakakwama Kiboswa, na aliyeyakwamisha hakuwa daktari.

Kwa hiyo sikilizeni, hasa ninyi vijana mnaoendesha kwa haraka ya tajiri. Ukisikia king'ora, punguza sauti ya redio, tazama vioo, ujue kinatoka wapi. Washa indiketa ya kushoto mapema, hata kabla hujapata nafasi, maana dereva wa ambulensi anasoma nia yako. Usifunge breki ghafla. Kama uko kwenye kona au juu ya kilima, songa taratibu mpaka anapoweza kukuona na kukupita. Kama umeshaingia kwenye raundabauti, toka kwanza, ndipo usimame. Taa nyekundu usiiruke, yeye atajitafutia njia. Na ikishapita, ngoja, kwa sababu mara nyingi nyuma yake kuna nyingine. Usiifuate. Narudia, usiifuate.

Na ninyi mnaopita pembeni kwenye vumbi foleni inapokaza, iwe Salgaa au Gilgil, huo ukingo mnaoujaza ndio nafasi pekee tuliyobaki nayo ya kupishia. Ajali kubwa ikitokea kwenye barabara kuu, kama ile ya makutano ya Londiani Juni 30, 2023 iliyoua watu zaidi ya 50, ambulensi hazina barabara nyingine ya kupitia.

Sasa kaka yangu wa Kondele. Ukishabanwa pande zote huna kosa, shikilia usukani wako na uwaache watukane. Kosa lilitokea kabla, na ni letu sote: tunasimama pua kwa mkia kana kwamba mtu ataiba ile nafasi. Kuanzia leo, ukisimama nyuma ya lori hakikisha unaona mahali magurudumu yake ya nyuma yanapogusa lami. Ukipaona, tuktuk yako inaweza kukata kushoto bila kurudi nyuma. Usipopaona, umeshajifungia. Ijaribu kesho kwenye foleni ya Mamboleo, kisha uniandikie.