Kabla hujaamini siri ya kale, uliza: wamejuaje?

Baba alikuwa ameketi kitini, mdomo umeshuka upande wa kulia, na kaka yangu amepiga magoti mbele yake akimchoma vidole kwa sindano. Alichoma kimoja, akakibinya mpaka tone la damu litokee, akahamia kingine. Simu ilikuwa wazi sakafuni, na juu yake ujumbe ambao huenda hata wewe umewahi kuupata: ukimwona mtu amepatwa na kiharusi usimsogeze, mchome ncha za vidole vyote kumi, damu ikitoka atarudiwa na fahamu, na hiyo ni siri ya matabibu wa kale iliyohifadhiwa kwa maelfu ya miaka.

Ujumbe ule nilimtumia kaka mimi mwenyewe, miezi kadhaa kabla ya siku hiyo. Tangu utotoni nimependa habari za watu wa kale na maajabu ya mwili, na mtu akiniambia jambo ni la miaka elfu tatu nilikuwa naliamini papo hapo. Tulipoteza karibu saa nzima kabla ya kumtoa baba nyumbani.

Daktari alitueleza baadaye, kwa upole ambao sitausahau. Damu iliyoganda ilikuwa imeziba mshipa upande wa kushoto wa ubongo. Ipo dawa ya kuyeyusha bonge la namna hiyo, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kila inapowahi ndipo inapookoa zaidi. Wataalamu wamekadiria kuwa katika kiharusi kikubwa cha aina hii mtu hupoteza seli za ubongo milioni 1.9 kila dakika. Tundu la sindano kidoleni halizibui mshipa ulio kichwani. Kwa hiyo hili nalitanguliza: mdomo ukishuka ghafla, mkono mmoja ukikosa nguvu, au maneno yakivurugika, ni hospitali saa ileile. Kumbuka pia saa dalili zilipoanza, maana utaulizwa.

Sikuacha kupenda mambo ya kale. Kilichobadilika ni kwamba sasa, kabla sijaamini wala kumtumia mtu, najiuliza swali moja: wamejuaje? Na nimegundua kuwa majibu ya kweli yana utamu kuliko hata maajabu yenyewe.

Chukua nyayo za Laetoli, Tanzania. Tunaambiwa kuwa viumbe wa ukoo wetu walipita pale kwa miguu miwili zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita. Wamejuaje? Volkano ilimwaga majivu, mvua ikayalowanisha, wakapita juu yake, yakakauka na kugandamana kama saruji, kisha majivu mengine yakafunika. Mwaka 1978 kundi la mwanaakiolojia Mary Leakey lilipozifukua, kisigino kilionekana kimezama, na kidole gumba cha mguu kimeelekea mbele sambamba na vingine, hakikuchomoza pembeni kama cha sokwe. Umri wake ulipimwa kwenye majivu yenyewe. Wengi wanaamini nyayo hizo ni za jamii ya Lucy, kiumbe wa kale ambaye mifupa yake ilipatikana Hadar, Ethiopia, mwaka 1974, na mafuvu ya jamii hiyo yanaonyesha ubongo wa takriban theluthi moja ya wetu. Ina maana babu zetu walisimama wima kwanza, akili kubwa ikafuata baadaye sana. Hiyo nimeitafakari mara nyingi kuliko ujumbe wowote wa siri za kale.

Ushauri wangu wa pili ni kutenga kilichoonekana na kilichokisiwa. Mwaka 1991 watembea milimani waliukuta mwili umeganda kwenye barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria. Ni mwanamume aliyeishi yapata miaka 5,300 iliyopita, ambaye dunia inamwita Ötzi. Ngozi yake ina chale 61, mistari na misalaba iliyotiwa mkaa. Hizo zimehesabiwa. Picha za eksirei zilionyesha kuwa baadhi ya viungo vyake na uti wa mgongo vilikuwa vimelika, na chale nyingi ziko kiunoni, magotini na kwenye vifundo vya miguu. Hilo nalo limeonekana. Kwamba alichanjwa chale ili kutuliza maumivu, hapo tumeingia kwenye makisio. Ni makisio mazuri, nami nayapenda, lakini mtu akikuandikia kuwa "imethibitishwa" kwamba watu wa kale walikuwa na tiba kamili ya viungo, ujue ameruka hatua.

Ndivyo ilivyo na mafuvu yaliyotobolewa. Katika nchi nyingi, na hasa Peru, wachimbaji wamekuta mafuvu ya kale yenye matundu yaliyokatwa kwa makusudi. Mwanzoni nilidhani wote walikufa palepale. Lakini mfupa wa mtu aliye hai hujiponya, na kingo za tundu hulainika na kuviringika. Mafuvu mengi yana kingo za namna hiyo, kwa hiyo wenyewe waliishi baada ya kutobolewa, tena bila dawa za kisasa za kuua vijidudu. Mfupa umetuambia walipona jeraha. Kilichowafanya watobolewe, mara nyingi hautuambii.

Sasa ile ya asilimia 10 ya ubongo. Huenda umeambiwa kuwa binadamu hutumia asilimia 10 tu, na kwamba wahenga walijua kuifungua iliyobaki. Nami niliisambaza hiyo kwa furaha. Ubongo una uzito wa takriban kilo 1.4, kama asilimia 2 ya mwili wa mtu mzima, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati anayotumia akiwa ametulia. Mwili hauwezi kulisha kwa gharama hiyo kitu kilicholala. Hata usiku, mtu akiwa usingizini, vipimo vinaonyesha ubongo unafanya kazi.

Lakini kilichonitoa imani hiyo si takwimu. Wiki ya pili hospitalini nilimwonyesha baba kijiko. Alikichukua kwa mkono wa kushoto, akakigeuza, akakipeleka mdomoni kunionyesha kuwa anajua kazi yake. Jina halikuja. Alifungua mdomo, akafumba, akaniangalia, machozi yakamlenga. Eneo lililoumia kichwani mwake lilikuwa dogo. Kama asilimia 90 ya ubongo ingekuwa akiba tu, kwa nini kipande kidogo vile kimnyang'anye neno alilolitumia miaka sabini?

Wamejuaje kuwa usemi una mahali pake? Mwaka 1861, Paris, daktari Paul Broca alimhudumia mgonjwa aliyeelewa anachoambiwa lakini akawa anatamka silabi moja tu, "tan". Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake akakuta jeraha sehemu ya mbele upande wa kushoto. Eneo hilo linaitwa kwa jina la Broca hadi leo.

Na hapa watu wa kale wanastahili heshima yao halisi. Ipo papirasi ya Misri, yaani karatasi ya kale ya matete, inayoitwa Edwin Smith, iliyoandikwa kama mwaka 1600 kabla ya Kristo. Inaeleza wagonjwa 48, wengi wao wa majeraha, kuanzia kichwani kushuka. Mwandishi wake anaufananisha ubongo uliofunuliwa na mikunjo ya shaba iliyoyeyushwa. Anamtaja majeruhi aliyetobolewa panja, pale kati ya jicho na sikio, ambaye hawezi kusema. Na kwa kila mgonjwa anatoa uamuzi: huyu nitamtibu, huyu nitapambana na hali yake, huyu hatibiki. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Tabibu wa miaka 3,600 iliyopita alikubali kuandika "hatibiki", na ujumbe niliomtumia kaka yangu uliahidi uponyaji kwa kila mtu. Wamisri haohao, walipohifadhi maiti, walitoa ubongo kupitia puani, ila moyo waliuacha mahali pake kwa kuamini ndiko akili inakokaa. Waliona vizuri na wakakosea, pamoja. Kuwafanya wajuzi wa kila kitu ni kuwanyima ubinadamu wao.

Ukitaka kuanza, au una mtoto anayeuliza maswali yasiyokwisha, anza na mwili wenyewe, maana kwa huo huna haja ya kuambiwa na mtu. Laza mkono mezani, kiganja juu. Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kifundo cha mkono kidogo, kiganja kije kwako. Huenda kano moja itasimama katikati ya kifundo cha mkono kama uzi uliovutwa. Watu wengi wanayo, wengine hawana, na wapo walio nayo mkono mmoja tu. Asiyekuwa nayo hapungukiwi nguvu ya kushika, ndiyo maana madaktari wa upasuaji huichukua na kuipandikiza mahali pengine palipokatika. Wataalamu wengi huiona kama masalio ya msuli uliowafaa zaidi jamaa zetu wanaoning'inia mitini.

Zoezi hilohilo la gumba na kidole cha mwisho ndilo baba alilopewa kwa mkono wa kulia. Kila asubuhi nilikaa naye. Wiki tatu gumba lilifika katikati ya kiganja likakwama. Asubuhi moja lilivuka, likagusa, likatetemeka hapo kwa kitambo, na kwenye kifundo chake ile kano ikainuka chini ya ngozi. Aliiangalia muda mrefu. Kisha akanigeuzia mkono ili nami nione.