Baba alikuwa daktari, na wasifu wake unaandika wewe

Msomaji mmoja wa Area C, Dodoma, ameniandikia. Baba yake, daktari aliyependwa mtaa mzima, amefariki. Mazishi ni keshokutwa na ukoo umemkabidhi wasifu; anauliza auandikeje.

Pole sana, ndugu. Wasifu mwingi wa madaktari unaosomwa misibani ni kama barua ya kuombea kazi. Vyeti, vituo, vyeo. Watu huanza kuchungulia simu kabla marehemu hajafika kidato cha tano.

Miaka itoe kwenye vyeti vyake, usitegemee kumbukumbu za wajomba. Aliyehitimu udaktari Muhimbili mwaka 1985 hakusoma MUHAS (Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili), maana jina hilo limekuja 2007. Wakati wake kilikuwa Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Usimwite bingwa kama hakusomea ubingwa. Madaktari wenzake watakuwa wamekaa mbele yako. Na kama alianza kama tabibu, akapanda hadi shahada, andika hivyo hivyo. Familia nyingi huificha ngazi hiyo, sijui kwa nini, wakati ndiyo iliyomgharimu zaidi.

Yote hayo yasizidi theluthi moja ya wasifu. Sehemu inayobaki wanayo watu, kwa hiyo leo jioni piga simu: muuguzi wa wodi yake, mtu wa maabara, dereva wa ambulensi, mlinzi wa getini. Usiwaulize "alikuwa mtu wa namna gani?" Watakujibu mpole, mcheshi, mcha Mungu, na hayo husemwa kwa kila marehemu. Uliza kilichomkasirisha kazini. Uliza alifanya nini mgonjwa wa Mpwapwa au Kondoa aliporuhusiwa na hana nauli. Nyumbani uliza nani alikuwa akimwamsha simu ya usiku ikilia, na Jumapili alikaa wapi. Chagua matukio mawili tu, uyaeleze vizuri.

Siri za wagonjwa zinabaki siri hata daktari akishafariki. Kumtaja jirani kwamba alitibiwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, au alichukua dawa fulani kwake, ni kumvua nguo mbele ya umati. Anayetaka kushuhudia atasimama mwenyewe. Chanzo cha kifo nacho andika kile tu ambacho mjane na ndugu wamekubaliana.

Penye ugomvi ni orodha ya familia. Idadi ya watoto ilingane na majina, wa nje ya ndoa wakiwemo kama ukoo unawatambua, na waliotangulia mbele ya haki watajwe. Msomee mjane orodha yote kabla ya kuchapa. Ukikosea jina moja, hotuba nzima itakumbukwa kwa kosa hilo.

Dakika 7 zinatosha, kama maneno 700 kwa anayesoma polepole. Chapa kwa herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, kurasa zikiwa na namba. Zibane kwenye faili gumu, kwani upepo wa Dodoma makaburini hauna adabu. Nakala ya pili mpe mtu aliyekwisha kuisoma kwa sauti, akae karibu na kipaza sauti, aendelee ukishindwa. Mwongoza ratiba awe na majina ya wote wawili.