Spika za inchi 6.5 kwa gari la zamani

Je, spika yoyote iliyotangazwa kuwa ya inchi 6.5 itaingia kwenye gari lako la zamani? Hapana, "inchi 6.5" kwenye tangazo haitoshi kukuhakikishia kwamba spika itaingia mlangoni. Hicho ni kipenyo tu. Ninafunga redio za magari, na kinachokwamisha wengi ni kina: toa spika ya zamani, shusha kioo chote, pima kutoka kwenye bati la mlango hadi kioo kinapopita, kisha linganisha na kina alichoandika muuzaji. Asipokiandika, muulize kabla ya kulipa. Sumaku ikigusa kioo itabidi uinue spika kwa ringi, na hapo kava la mlango linaweza kukataa kurudi.

Angalia na omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme wa spika. Redio nyingi za gari za siku hizi zinataka omu 4, ila kama bado una redio ya kiwandani, soma kibandiko chake kwanza. Redio nyingi za magari ya GM (General Motors ya Marekani) za miaka ya 1960 zilitengenezwa kwa spika za omu 10. Ukizifungia za omu 4, transista za kutoa sauti zinaweza kuungua.

Wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa zipuuze, tazama RMS, yaani wati ambazo spika inahimili mfululizo.