Maswali ya wapiga shoo: asilimia za mlango, masikio yanayolia, na nani aendeshe usiku

Maswali yamejaa tena, na safari hii mengi yametoka kwa watu wa bendi na wale wanaozunguka na shoo mji hadi mji, kwaiyo leo naenda na hayo tu. Nimeyafupisha kidogo. Wale wa "nifanyeje nitoke kimuziki" mnivumilie, leo zamu ya walioshatoka na bado hawajalala.

Kaka, mwenye ukumbi anasema hatoi hela ya uhakika ila tutachukua asilimia 80 ya mlango. Mbona naona nono? Tukubali? (Mpiga besi, bendi ya watu watano)

Asilimia 80 ya nini, mdogo wangu? Anzia hapo. Asilimia 80 ya kila kilichoingia mlangoni ni habari moja, asilimia 80 ya kilichobaki baada ya yeye kutoa gharama zake ni habari nyingine kabisa, na ukisikia mtu anataja asilimia kubwa hivyo bila hata kubembelezwa jua uwezekano mkubwa anaongelea hiyo ya pili.

Tupige hesabu kwa tiketi, hela tuziache. Wamelipa watu 150. Jamaa anatoa kwanza saundi, walinzi, mabango, mtu wa kukata tiketi, tuseme imekula thamani ya tiketi 60. Zimebaki 90, asilimia 80 yake ni 72. Gari na mafuta tiketi 22, mmebaki na 50, mko watano, kila mtu tiketi kumi. Yaani umebeba ampu la besi kulipandisha ghorofani, umepiga masaa matatu, umelishusha tena, unaondoka na viingilio vya watu kumi. Na hapo shoo imejaa! Wangekuja 60 mngepata sifuri na gari mngelipia wenyewe, wakati yeye gharama zake zimerudi zote na vinywaji kauza.

Sisemi mkatae. Mwambie mnataka kiwango cha chini cha uhakika, hata kiwe kidogo, alafu mlango ukishavuka idadi fulani mnaanza kugawana. Akikomaa hana, basi ataje gharama zake zote kabla na ziwe na kikomo, maana gharama zisizo na kikomo zina tabia ya kuongezeka usiku wa manane. Muulize na orodha ya wanaoingia bure ni majina mangapi, ya kwenu na ya kwake, ukumbi unaweza kujaa washkaji wa mwenye ukumbi na wewe unacheka tu ukidhani ni hela. Mwekeni mtu wenu mlangoni na kile kikaunta cha kubofya, siyo kwa ugomvi, asimame tu na abofye. Hesabu ifungwe usiku uleule. Na yote haya yawe kwenye maandishi, mkataba wa kurasa kumi siyo lazima, meseji aliyoijibu "sawa" ina nguvu kuliko mazungumzo ya kwenye simu ambayo kesho kila mtu anayakumbuka kivyake. Kama shoo ni ya kusafiri, ombeni nusu ya malipo kabla gari halijawashwa. Promota mzoefu hashangai kuombwa advansi, anayeshangaa ndo wa kumuogopa.

Kila tukifika ukumbini fundi mitambo kanuna, saundcheki inakula saa nzima na bado mimi sijisikii. Tatizo nini? (Mpiga kinanda)

Ngoja nikuulize, alijua mnakuja wangapi? Bendi nyingi zinafika kama wageni wa ghafla, fundi ndo anaambiwa pale pale kwamba kuna tarumbeta mbili na kinanda kinataka laini mbili kwa sababu ni sterio. Angalau wiki moja kabla mtumie karatasi mbili. Ya kwanza orodha ya chaneli: 1 kiki, 2 snea, 3 hai-hati, tomu zinafuata (hizo zote ni drams), besi inapita DI, yaani kile kiboksi kinachoichomeka moja kwa moja kwenye mitambo, gitaa maiki, kinanda kushoto, kinanda kulia, sauti ya kati, sauti za pembeni, mpaka iishe. Ya pili mchoro wa steji, nani anasimama wapi, umeme unahitajika wapi, monita (zile spika za steji mnazojisikilizia) ngapi na kila mmoja anataka kusikia nini kwenye yake. Kulia na kushoto kwa steji kunahesabiwa ukiwa umesimama juu unawaangalia watu, ukichora kinyume utakuta drams zimefungwa upande ambao siyo wako na hapo ndo mnaanza kununiana.

Saundcheki yenyewe ni ya kucheki. Mpiga gitaa anayefanyia mazoezi solo yake wakati fundi anatafuta sauti ya kiki anaila saa yenu. Kama mko bendi kadhaa, kawaida bendi kubwa inacheki kwanza na ya kufungua inacheki mwisho, ili steji ibaki imepangwa tayari kwa wa kwanza kupanda. Ukiwa ndo wa kufungua ujue mtapata dakika chache, pengine hamna kabisa. Mjue kabla mtacheki wimbo upi, ule wenye sauti zote na vyombo vyote, piga nusu, shukeni.

Siku ya kwanza na ya pili nipo vizuri, ya tatu sauti imekata. Natumia tangawizi lakini wapi. (Dada wa sauti ya kwanza)

Dada, pole. Tangawizi haifiki unapopafikiria, ukimeza kitu hakipiti juu ya nyuzi za sauti, kinapita njia ya chakula, kwaiyo kinachosaidia ni maji uliyokunywa tangu mchana na kujifukiza mvuke wa kawaida. Ila mimi nakuuliza kuhusu masaa ambayo huimbi. Nadhani unaiua sauti baada ya shoo, pale unapopiga stori na mashabiki huku spika zinalia, alafu ndani ya gari mnacheka kwa kupiga kelele juu ya injini mpaka alfajiri. Kuna kitu kinaitwa athari ya Lombard, daktari Mfaransa Étienne Lombard alikieleza mwaka 1911: mtu akiwa kwenye kelele anapandisha sauti yake bila kujua. Ndo kinachokukuta hapo, na ndo kinachokukuta steji kama monita yako haitoshi. Kabla hujabadilisha dawa badilisha monita.

Usinong'one kama njia ya kupumzisha, kunong'ona kwa nguvu kunaikaza koo, bora ukae kimya. Acha kukohoakohoa kusafisha koo. Aspirini na dawa za jamii hiyo siku za shoo nzito uwe makini nazo, zinafanya damu itoke kirahisi na kamshipa kadogo kwenye uzi wa sauti kakipasuka ndo ziara imeisha. Pipi za kutia ganzi pia hapana, unaimba juu ya kidonda bila kukisikia. Na mwambie kiongozi wa bendi ashushe ufunguo nusu toni siku ya tatu, hamna shabiki atakayeenda kulalamika. Sauti ikibaki na mikwaruzo wiki tatu nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Nikirudi nyumbani masikio yanapiga "nnnnn" mpaka nalala, asubuhi yameacha. Ni kawaida? (Mpiga drams)

Ni kawaida kwa maana inawatokea wengi. Siyo kawaida kwa maana ya kuwa salama. Ule mlio ni sikio linakwambia limezidishiwa, na siku moja litakwambia na halitanyamaza, hiyo hali ikishakuwa ya kudumu haina tiba ya kuifuta, unafundishwa tu namna ya kuishi nayo.

Hesabu yake iko hivi. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa masaa 8. Kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatwa nusu: 88 masaa 4, 91 masaa 2, 94 saa moja, 97 nusu saa, 100 dakika 15. Na drams ndani ya chumba kidogo zinaivuka 100 bila hata maiki. Sasa wewe unapiga seti mbili, na mazoezi, na saundcheki, na gari lenye muziki.

Vile visponji vya bei rahisi vya kuziba masikio vinakata zaidi sauti za juu, kila kitu kinakuwa kama kiko chini ya blanketi, ndo maana wapiga drams wanavitupa baada ya wimbo wa pili. Tafuta plagi za wanamuziki zenye filta, zinashusha sauti zote karibu sawasawa, unasikia muziki uleule ila mdogo. Ukitumia spika za ndani ya masikio vaa zote mbili, mtu anayevua moja "asikie watu" anaishia kuipandisha ile iliyobaki. Na ukiamka sikio moja limeziba ghafla bila sababu, usisubiri ziara iishe, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo.

Tumeitwa nje ya nchi kwa mara ya kwanza. Gitaa langu litapanda ndege? Na forodha? (Mpiga gitaa)

Hongera mkuu! Ndege kila shirika lina masharti yake, soma kabla ya kukata tiketi siyo ukiwa kwenye foleni. Sheria ya Marekani ya mwaka 2012 inayataka mashirika ya ndege ya huko yakuruhusu kuingia na ala ndogo kama gitaa kama nafasi ya juu ya kiti bado ipo wakati unapanda, kwaiyo kuwahi kupanda ni nusu ya ushindi. Likilazimika kwenda chini, liwe kwenye keisi ngumu, legeza nyuzi kidogo, na jaza kitambaa chini na juu ya shingo pale kichwa kinapoanzia maana ndo panapovunjika. Betri za akiba za lithiamu za maiki zisizo na waya unazishika mkononi, kwenye mzigo wa chini haziruhusiwi. Ukifika usifungue keisi hapohapo kama nje na ndani joto linatofautiana sana, liache litulie kwanza.

Forodha, kama mnabeba vyombo vingi ulizeni habari ya ATA Carnet, ni kama pasipoti ya vitu, inatumika mwaka mmoja na inawawezesha kuingiza vifaa kwa muda na kuvitoa bila kulipia ushuru, kwa nchi zilizo kwenye huo mfumo. Orodha iwe sahihi mpaka namba za vifaa, kilichoingia lazima kitoke. Gitaa la mpingo mwekundu wa Brazili, yaani *Dalbergia nigra*, hilo liache nyumbani kama huna vibali vya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mti huo umebanwa kabisa tangu 1992. Aina nyingine za *Dalbergia* zilibanwa 2017 ila ala zilizokamilika zikaachiliwa mwishoni mwa 2019.

Na kodi, muulize aliyewaalika inakatwa kiasi gani kwenye malipo, kwa sababu nchi nyingi zinamkata msanii mgeni kodi palepale alipopiga hata kama kakaa siku moja. Omba karatasi ya makato, bila hiyo nyumbani unaweza kukatwa tena.

Tunapiga nyimbo zetu wenyewe kwenye kumbi. Kuna hela nyingine zaidi ya ya shoo?

Ipo kama mmesajili nyimbo kwenye chama cha hakimiliki na ukumbi unalipia leseni. Baada ya shoo mnapeleka orodha ya nyimbo mlizopiga, tarehe na ukumbi, basi, dakika tano za kazi ambazo bendi nyingi zinaona uvivu kuzifanya. Jambo lenyewe lilianza kwa kibri flani kizuri sana: mwaka 1847 Paris, mtunzi Ernest Bourget alikaa kwenye mgahawa bendi ikiwa inapiga kazi zake, akagoma kulipa bili, akasema ninyi mnatumia muziki wangu bure na mimi natumia vinywaji vyenu bure. Wakaenda mahakamani, akashinda, na 1851 ikazaliwa SACEM, chama cha hakimiliki za muziki cha Ufaransa. Sikushauri uifanye kwenye baa ya jirani.

Nimeitwa kuziba pengo la mpiga gitaa kesho, nyimbo 30, sijui hata moja. Nianzie wapi?

Mianzo, miisho na pale wanaposimama. Katikati utaogelea, watu hawakumbuki kodi ya gitaa uliyokosea ubeti wa pili ila wote wanakumbuka aliyeendelea kupiga wakati wenzake wamenyamaza. Mistari minne kwa kila wimbo: ufunguo, nani anaanza, ina mapito mangapi, inaishaje. Alafu muulize kiongozi wanazipiga kwa ufunguo wa rekodi au wa mwimbaji, hilo swali moja limeokoa watu wengi sana. Simama sehemu unayomwona mpiga besi.

Shoo ikiisha saa nane usiku tunaendesha kwenda mji unaofuata ili tusilipie vyumba. Mnaonaje?

Mbaya. Watafiti waliopima hili walikuta mtu aliyekaa macho masaa 17 hadi 19 anafanya vitu kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na wewe umeamka saa moja asubuhi kupakia vyombo, kwaiyo ukiwasha gari saa nane usiku umeshafikisha masaa 19 na bado hujaendesha hata kilomita. Kahawa na muziki wa juu havilipi usingizi. Kama hela ya vyumba haipo, basi dereva awe mtu ambaye siku hiyo hapigi, na mchana alilala kweli, siyo kulala kwa kujinyoosha kwenye siti huku anajibu meseji. Hayupo? Laleni hata ndani ya gari mpaka kupambazuke, na shoo inayofuata msikubali ya saa sita mchana.

Kiongozi wa bendi anachukua mafungu mawili. Ni haki?

Kama gari ni lake, vyombo ni vyake, na ndo anayepigiwa simu na promota saa tano usiku, mimi sioni tatizo. Kama anafanya siri, hapo tatizo lipo hata akichukua fungu moja. Mwambieni ataje mbele ya wote, fungu la kwanza la kupiga, la pili la kazi ipi, na gari likiharibika njiani linatengenezwa kwa fungu la nani.