Maswali ya Wasomaji: Trela Iliyotumika, Ibebe Kilo Ngapi?

SWALI: Nimenunua trela iliyotumika, ya ekseli moja. Sanduku lake lina urefu wa mita 2.4, upana mita 1.2 na kina sentimita 40. Kibao cha kiwandani hakipo. Muuzaji anasema inabeba tani moja na nusu. Tairi zimeandikwa 185/70 R14 88T, bomba la ekseli lina kipenyo cha milimita 60, na kila gurudumu lina nati tano. Ikiwa tupu, mizani ya magari ilisoma kilo 320. Nataka kusombea mchanga. Nimwamini?

JIBU: Hapana. Tairi zako peke yake zinamkana.

Hiyo 88 ni namba ya uwezo wa tairi, na maana yake ni kilo 560 kwa kila tairi, tena ikiwa imejazwa upepo inavyotakiwa. Hizi ni tairi za gari dogo, hazikuundwa kwa ajili ya trela. Kwa kanuni za Marekani, tairi ya aina hiyo ikifungwa kwenye trela uwezo wake hugawanywa kwa 1.10, nasi tunakushauri ufanye hivyo popote ulipo. Utabaki na kilo 509 kwa tairi, yaani 1,018 kwa zote mbili. Toa uzito wa trela yenyewe, 320. Mzigo ni kilo 698, basi. Ni kweli sehemu ya uzito itaegemea gari kupitia mkono wa trela, lakini hiyo iache iwe akiba, usiijaze mchanga.

Tazama pia tarehe ya tairi. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi ya trela huzeeka ikiwa imesimama juani kabla kashata hazijaisha, kwa hiyo kashata nzuri zisikudanganye. Ukiona nyufa ubavuni, namba 88 haina maana tena.

Sasa ekseli. Bomba la milimita 60 na nati tano vinaelekea kwenye ekseli ya pauni 3,500, yaani kilo 1,588, lakini bomba peke yake si ushahidi. Inua trela kwa jeki, fungua habu, yaani kitovu cha gurudumu, usome namba zilizochongwa kwenye beringi. Ukikuta L68149 ndani na L44649 nje, makadirio hayo yanasimama. Ukikuta L44649 pande zote mbili, hiyo ni ekseli ndogo, kwa kawaida ya kilo 900 hivi, hata kama bomba lake ni nene. Hapo hesabu inarudi chini: 900 toa 320, unabaki na kilo 580.

Kabla ya kurudisha gurudumu, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi imelegea au imekwisha. Kisha simama nyuma ya trela: magurudumu yakiegemeana kwa juu, na tairi zimelika upande wa ndani, ekseli imeshapinda kwa kuzidishiwa mzigo. Ekseli iliyopinda, au iliyochomelewa katikati ya bomba, haikadiriwi, inabadilishwa.

Kwenye chesisi usipoteze muda na rangi. Gonga kwa nyundo ndogo pale mkono unapoungana na boriti ya mbele, na pale mabano ya springi yalipochomelewa. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu. Ufa wa kwanza mara nyingi huanzia sehemu hizo mbili.

Kichwa cha kuvutia, kile kinachokaa juu ya tufe lililofungwa nyuma ya gari, nacho huwa kimechongwa uzito kinaoruhusu na ukubwa wa tufe. Tufe la milimita 47.6 huingia kwenye kichwa cha milimita 50 na kuonekana limekaa, kisha hutoka kwenye shimo la kwanza kubwa.

Na mchanga wenyewe? Sanduku lako linabeba mita za ujazo 1.15. Mchanga mbichi una uzito wa karibu tani 1.9 kwa mita moja ya ujazo, hivyo likijaa ni kama tani 2.2. Kilo zako 698 zinaishia kwenye kina cha sentimita 12. Piga mstari wa rangi hapo ndani ya sanduku, maana anayepakia hatakuwa na kalamu mkononi. Ukifunga tairi za trela zenye namba 100, za kilo 800 kila moja, tairi hazitakuwa tena kikwazo. Ekseli ndiyo itaamua, ikiwa rimu na kichwa navyo vinaruhusu. Hata hivyo, kwa ekseli isiyojulikana historia yake, sisi tungeishia tani moja ya mzigo.

SWALI: Fundi anataka kuniongezea majani mawili, yaani vyuma bapa, kwenye kila springi ili trela ibebe zaidi. Ni sawa?

JIBU: Atakachoongeza ni ugumu. Beringi, tairi na bomba la ekseli vinabaki vilevile, na springi isiyonesa hupeleka kila kishindo kwenye chesisi. Trela haitakaa chini ikizidishiwa, nawe utakuwa umepoteza dalili pekee iliyokuwa inakuonya. Kama jani limevunjika au springi imenyooka kabisa trela ikiwa tupu, badilisha pande zote mbili kwa springi za uwezo uleule.

SWALI: Trela yangu huyumba nikifika kilomita 80 kwa saa, ingawa mzigo si mkubwa.

JIBU: Mara nyingi sababu ni mzigo kukaa nyuma mno. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote iegemee mkono: kwa trela ya kilo 800 pamoja na mzigo, kilo 80 hadi 120. Weka mizani ya bafuni chini ya kigogo, kichwa kikae juu yake kwa kimo kilekile cha gari, usome. Kama gari lako haliruhusu uzito huo kwenye tufe, punguza mzigo, usiusogeze nyuma.